Heliumu 4 na Aina Yake: Kutoka Jua Mpaka Mawe ya Masisi na Walikale

Katika masomo ya filosofia tunafundishwa kwamba kujua kitu ni kujua kwanza aina yake, kisha kujua kile kinachokitenga na vitu vingine vya aina ileile. Mtu akisema “mnyama yuko mlangoni,” amesema neno la kweli. Lakini hajatuambia bado kama ni mbuzi ao ni chui, na mwenyi kwenda kufungua mlango atapenda kujua.

Kanuni hiyo vijana wengi wanaishika kwa kichwa siku ya mtihani, halafu wanaiacha. Nataka kuonyesha nguvu yake kwa habari ya kitu kimoja kidogo sana, kinachoitwa heliumu 4. Kwa muda wa miaka 70 hivi, tangu 1868 mpaka 1939, wenyi elimu walikipanga kitu hicho katika aina moja, kisha katika nyingine, kisha katika nyingine tena, na kila mara walipaswa kurudi na kutazama upya. Tusiseme kwamba hiyo ni hadithi ya Ulaya tu. Kitu hicho kinazaliwa kila siku, bila kelele, ndani ya mawe ya Masisi na Walikale, yaani mawe yaleyale ambayo maelfu ya vijana wetu wanayachimba, wanayatwanga na kuyabeba mgongoni. Namna ya kukipanga inagusa kifua chao.

I. METALI YA JUA

Tarehe 18 Agosti 1868 jua lilipatwa katika inchi ya India. Mfaransa Jules Janssen alikuwa Guntur na chombo cha kutawanya nuru. Nuru ikipita katika chombo cha namna hiyo inafunguka kama upinde wa mvua, na kila gesi inayowaka inaonyesha ndani ya upinde huo mistari yake yenyewe, kama vile kila mtu ana alama za vidole vyake. Tarehe 20 Oktoba ya mwaka uleule Mwingereza Norman Lockyer alifaulu kuona miali ya moto pembeni mwa jua bila kungoja lipatwe. Katika nuru hiyo mlikuwa mstari wa manjano, karibu na mistari miwili ya sodiumu, lakini haukuwa wa sodiumu. Hapana kitu cha duniani kilichojulikana wakati ule kutoa mstari huo.

Kitu kipya kikapewa jina kutoka neno la Kigriki helios, maana yake jua. Mwisho wa jina hilo ni ule wa majina ya metali, kama sodiumu na kalsiumu, sababu walidhani kwamba ni metali. Basi kitu kilipewa aina mbele ya mtu yeyote kukishika mkononi, na aina hiyo haikuwa ya kweli. Jina lilibaki vile mpaka leo, kama vile mtoto anayeitwa Masika, hata kama baadaye watu wanatambua kwamba alizaliwa kiangazi.

Katika miaka ileile, kule Roma, Padri Angelo Secchi wa Shirika la Yesu alikuwa akitazama nyota kutoka juu ya kanisa la Mtakatifu Inyasi, pahali alipoweka vyombo vyake. Alipima nuru ya nyota nyingi sana, akazipanga kadiri ya mistari yao katika aina nne, na nyuma akaongeza nyingine. Yeye ni mmoja wa wale waliofungua njia ya elimu ya nyota ya siku zetu, naye alikufa mwaka 1878, akiwa padri na mtumishi wa elimu pamoja. Mfano wake unatuonyesha kwamba kupanga vitu ni kazi ya uvumilivu: sherti kutazama usiku mwingi, kuandika, na kukubali kuongeza aina mpya pale vitu vyenyewe vinapodai.

II. GESI ISIYOOA

Mwaka 1895, kule London, William Ramsay alichukua jiwe la uraniumu lililotoka Norway, akalichemsha katika asidi. Alikuwa akitafuta gesi nyingine, argoni, aliyoivumbua pamoja na Rayleigh muda mfupi mbele. Lakini alipotazama nuru ya gesi iliyotoka, aliona mstari wa manjano. Ulikuwa mstari ule wa jua. Mwaka uleule, kule Uppsala katika inchi ya Sweden, Cleve na Langlet waliipata vilevile, wakaipima uzito: atomu yake ina uzito wa karibu mara nne ya atomu ya hidrojeni.

Basi haikuwa metali. Ilikuwa gesi nyepesi, isiyo na rangi wala harufu, na tena gesi isiyoungana na kitu kingine. Oksijeni inaungana na chuma, tunaona kutu. Inaungana na kaboni, tunaona moto. Heliumu haiungani na chochote; inaishi peke yake kama mtu asiyeoa. Katika orodha kubwa ya vitu iliyotungwa na Mrusi Mendeleev mwaka 1869 hapakuwa na pahali pa gesi za namna hiyo. Kwa hiyo ilipaswa kuongeza safu nzima: heliumu, neoni, argoni, kriptoni, zenoni, na nyuma radoni. Wenyi elimu hawakumkata mgeni miguu ili alingane na kitanda, walirefusha kitanda.

Swali moja lilibaki. Gesi isiyoungana na kitu chochote inafanya nini ndani ya jiwe gumu? Nani aliifungia humo? Na mbona inapatikana zaidi katika mawe ya uraniumu?

III. MSHALE WA ALFA

Jibu lilitoka upande mwingine. Mwaka 1896 Henri Becquerel aliona kwamba uraniumu inatoa mionzi yenyewe, bila kuwashwa na mtu. Mwaka 1898 Pierre na Marie Curie walipata poloniumu na radiumu. Mwaka 1899 Ernest Rutherford alitenga mionzi hiyo katika aina mbili, akaziita kwa herufi za kwanza za Kigriki: alfa na beta. Alfa inasimamishwa na karatasi moja tu. Beta inapita mbali zaidi.

Mwaka 1903 Ramsay na Frederick Soddy waliona mstari wa heliumu katika gesi iliyotoka kwa radiumu. Je, heliumu ilikuwa imefichwa humo tangu zamani, ao ilikuwa ikizaliwa mbele ya macho yao? Rutherford na mwanafunzi wake Thomas Royds walikata neno hilo kule Manchester mwaka 1908. Walitengeneza bomba la kioo chembamba sana, hata mshale wa alfa uweze kukipenya, lakini gesi ya kawaida isiweze. Wakatia ndani gesi ya radoni inayotokana na radiumu, na kulizunguka bomba hilo wakaweka bomba lingine lisilo na hewa. Nyuma ya siku chache mstari wa manjano ulionekana katika bomba la inje. Kisha wakajaribu kutia heliumu ya kawaida katika bomba la ndani: haikupita. Basi ilikuwa wazi kwamba mishale ya alfa, ikiisha kusimama na kujipatia elektroni zake, ndiyo heliumu. Walitangaza jambo hilo mwaka 1909.

Vitu viwili vilivyoandikwa katika vitabu viwili tofauti, kimoja katika orodha ya gesi, kingine katika orodha ya mionzi, vilikuwa kitu kimoja. Tofauti yao ni mwendo. Heliumu iliyotulia ni gesi isiyodhuru mwili. Heliumu inayoruka kutoka kiini cha uraniumu, kwa mwendo wa kilometa elfu nyingi kwa sekunde moja, ni mshale unaovunja kila kitu katika njia yake fupi. Ndugu msomaji, ulishike neno hili, sababu tutalirudilia tukifika Rubaya.

Tangu hapo jiwe lilipata kuwa saa. Kama uraniumu inatoa heliumu kwa kipimo kisichobadilika, basi mwenyi kupima uraniumu na heliumu iliyo ndani ya jiwe anaweza kuhesabu miaka yake. Rutherford alitoa shauri hilo, na Robert Strutt wa London akalifanyia kazi kwa mawe mengi. Saa hiyo haikuwa kamili, sababu heliumu inavuja na kutoroka, lakini ilitosha kuonyesha kwamba mawe yana umri wa miaka mamilioni mia nyingi. Nyuma watu walitumia risasi, yaani ile metali inayobaki wakati uraniumu imekwisha kutoa mishale yake, na hesabu ikawa nzuri zaidi.

IV. NDUGU WAWILI

Mwaka 1911 Rutherford alitambua kwamba kila atomu ina kiini kidogo na kizito katikati. Mwaka 1932 James Chadwick alivumbua neutroni. Ndipo ilipojulikana kiini cha heliumu ni nini: protoni mbili na neutroni mbili, jumla nne. Kwa hiyo tunasema heliumu 4.

Lakini yuko ndugu. Mwaka 1939, kule Berkeley katika Marekani, Luis Alvarez na Robert Cornog walionyesha kwamba iko vilevile heliumu 3, yenyi protoni mbili na neutroni moja tu, nayo haiozi. Ndugu hao wawili wana tabia moja ya gesi, mstari wao wa manjano karibu haupambanuliki, wote wawili hawaungani na kitu. Wanaitwa izotopu, maana yake wenyi kukaa pahali pamoja katika orodha. Lakini idadi yao si sawa hata kidogo: katika hewa tunayovuta, kwa atomu milioni moja za heliumu 4 iko karibu atomu moja tu ya heliumu 3.

Mtu angeweza kudhani kwamba tofauti ya neutroni moja ni kitu cha bure. Kumbe si hivi. Protoni, neutroni na elektroni ni vitu vya aina inayoitwa fermioni. Fermioni mbili zinazofanana haziwezi kukaa katika hali moja, kama vile kanisani watu wawili hawakalii pahali pamoja penye benchi: kila mmoja sherti apate pake. Iko aina ya pili, bosoni, inayokumbuka jina la Satyendra Nath Bose, mwalimu wa Dhaka, aliyemwandikia Einstein mwaka 1924. Hizo zinaweza kuingia zote katika hali moja, kama waimbaji mia moja wanaoshika sauti moja. Na kanuni ya kupanga atomu nzima ni hesabu ya mtoto: tuhesabu fermioni zilizo ndani yake. Zikiwa shufwa, atomu ni bosoni. Zikiwa witiri, ni fermioni. Heliumu 4 ina protoni 2, neutroni 2 na elektroni 2, jumla 6: ni bosoni. Heliumu 3 ina jumla 5: ni fermioni.

Hesabu hiyo ndogo inaonekana kwa macho. Kule Leiden, tarehe 10 Julai 1908, Heike Kamerlingh Onnes aligeuza heliumu kuwa maji kwa baridi ya digrii 269 chini ya sifuri. Karibu miaka 30 nyuma, mwanzoni mwa 1938, Kapitsa wa Moscow pamoja na Allen na Misener wa Cambridge walitangaza kwamba maji hayo, yakipata baridi zaidi ya digrii 271 chini ya sifuri, yanapita katika matundu membamba sana bila kuzuiliwa na chochote. Mwaka uleule Fritz London alieleza sababu: atomu za heliumu 4 ni bosoni, kwa hiyo nyingi zinaingia katika hali moja na kutembea kama kitu kimoja. Heliumu 3 haikufanya hivyo katika baridi ileile. Ilipaswa kungoja mpaka 1972, na baridi kali zaidi mara elfu hivi, ndipo atomu zake zilipoungana mbili mbili, na kwa njia hiyo kupata namba ya shufwa.

Tuongeze neno moja juu ya nguvu ya kiini chake. Protoni mbili na neutroni mbili zinashikamana kwa namna imara sana. Kwa hiyo kiini kizito kama uraniumu, kinapotafuta kupunguza mzigo wake, hakitupi protoni moja moja: kinatupa zile nne kwa pamoja, zimekwisha kufungwa kama mzigo mmoja. Ndiyo sababu mawe yanazaa heliumu 4, wala si heliumu 3.

V. KUZALIWA MARA MBILI

Heliumu hii ina vyanzo viwili vikubwa. Cha kwanza ni cha mbinguni. Karibu robo ya uzito wa vitu vya kawaida vya ulimwengu ni heliumu, na sehemu kubwa yake ilifanyika katika dakika za kwanza za ulimwengu, wakati yote ilikuwa moto na msongamano. Nyota zinaongeza nyingine, na jua letu linawaka kwa kugeuza hidrojeni kuwa heliumu.

Mtu wa kwanza aliyesema wazi kwamba ulimwengu ulianza kwa msongamano mkuu alikuwa padri, Georges Lemaître, mwalimu wa Louvain. Alizaliwa Charleroi mwaka 1894, akapewa upadri mwaka 1923. Mwaka 1927 aliandika juu ya kupanuka kwa ulimwengu, na mwaka 1931 juu ya atomu ya mwanzo. Namna heliumu ilivyofanyika haikuelezwa naye. Alpher na Gamow waliifungulia njia mwaka 1948. Lakini mlango ulikuwa wake. Alikufa mwaka 1966.

Tarehe 22 Novemba 1951 Baba Mtakatifu Pius XII, akihutubia Akademia ya Kipapa ya Sayansi, alitaja mambo hayo kama ushuhuda wa uumbaji. Lemaître, pamoja na heshima yake yote kwa Baba Mtakatifu, alishikilia kwamba fundisho lake ni la fizika, na kwamba linakaa inje ya maswali ya dini: mwenyi kusadiki na asiyesadiki wanaweza kulipima sawasawa. Wengine walimshangaa. Kwa kweli alikuwa akitumia kanuni tuliyoanza nayo. “Mwanzo wa wakati unaohesabika” na “kuumbwa na Mungu” ni maneno ya aina mbili. Mwenyi kuyachanganya anaharibu yote mawili, na siku fizika ikibadilisha hesabu yake, imani ya wanyonge inatikisika bure. Mseminari anayejiandaa kuhubiri alifikiri jambo hili mbele ya kutafuta mahubiri rahisi katika magazeti.

Chanzo cha pili ni mawe. Heliumu ya mbinguni ni nyepesi mno. Ikifika hewani inapanda na kutoroka dunia. Heliumu tunayoichimba katika ardhi, ile inayojaza chupa za chuma, karibu yote ni mtoto wa uraniumu na toriumu. Uraniumu 238, mpaka kugeuka risasi, inatupa mishale 8 ya alfa. Toriumu 232 inatupa 6. Lakini kazi hiyo ni ya polepole: nusu ya uraniumu 238 inahitaji karibu miliari 4 na nusu za miaka, na miliari moja ni milioni elfu moja.

VI. MAWE YETU

Sasa tufike kwetu. Milima ya Masisi iko kwenye bega la lile bonde kubwa linalopasua Afrika ya mashariki. Upande wa mashariki ziko Sake, ziwa Kivu na volkano za Virunga. Upande wa magharibi inchi inashuka katika misitu ya Walikale, na maji yake yanafuata mto Lowa mpaka Lualaba. Wasafiri wanaona malisho ya ngombe na mawingu. Chini ya malisho kuna mawe ya kale. Matale yaliyoleta bati na tantali katika eneo letu yaliingia kama moto mzito karibu miaka milioni 986 iliyopita. Katika mishipa iliyotoka kwake kuna kasiteriti, ambayo ni jiwe la bati, na kuna koltani, ambayo ni mchanganyiko wa kolombiti na tantaliti.

Kasiteriti ya Kivu ilichimbwa na makampuni tangu wakati wa Wabelgiji. Mwaka 1976 makampuni yaliunganishwa kuwa SOMINKI. Mwaka 1985 bei ya bati ilianguka duniani, na nyuma yake kampuni ikadhoofika mpaka kufa. Vijana walibaki na sururu. Mwaka 2000 bei ya tantali ilipanda ghafula, na jina koltani, ambalo wazee hawakulijua, likawa jina la kila siku. Mwaka 2002 watu walianza kumiminika kwenye kilima cha Bisie, katika msitu wa Walikale, sababu ya kasiteriti. Katika Masisi, Rubaya ikawa mji wa koltani. Vita vilivyofuata mashimo hayo wote wanavijua.

Lakini kuna jambo lisilosemwa sana. Ndani ya koltani, uraniumu kidogo na toriumu kidogo zinakaa pahali pa vitu vingine, kama wageni katika nyumba. Kwa muda wa karibu miliari moja ya miaka zimekuwa zikitupa mishale ya alfa humo humo. Jiwe jeusi alilonalo kijana mkononi pale Rubaya limebeba heliumu iliyozaliwa ndani yake kabla ya mnyama wa kwanza kutembea juu ya inchi kavu.

Je, heliumu hiyo ni mali? Kwa Masisi na Walikale hapana anayeichimba. Lakini jirani zetu wa Tanzania wametuonyesha jinsi inavyoweza kukusanyika. Mwaka 2016 wajuzi wa Durham na Oxford, pamoja na kampuni moja ya utafutaji, walitangaza kwamba katika bonde la Rukwa, lililo kwenye mkono uleule wa magharibi wa bonde letu la ufa, heliumu nyingi imefungwa chini ya ardhi. Maelezo yao ni haya: mawe ya kale sana ya bara yalizaa heliumu kwa muda mrefu na kuishika, kisha joto la bonde la ufa na la volkano likayapasha, heliumu ikafunguliwa, ikapanda pamoja na gesi nyingine, ikazuiliwa chini ya tabaka za udongo. Sherti basi mambo matatu: mawe ya kale, moto wa kuyafungua, na kifuniko. Kwetu mawili ya kwanza yako. La tatu haliwezi kusemwa kwa kubahatisha. Heliumu inatafutwa sana, sababu baridi yake ndiyo inayotunza sumaku za zile mashine kubwa za hospitali zinazopiga picha ndani ya mwili.

Watu wa elimu wanaitumia heliumu vilevile kama mjumbe wa chini. Mwaka 2010 wajuzi wa Italia pamoja na wenzao, Mkongomani akiwa kati yao, walichapisha vipimo vya gesi za eneo la ziwa Kivu, pamoja na heliumu yake. Kanuni ni hii: gesi inayotoka chini sana, kwenye mizizi ya volkano kama Nyiragongo, inaleta sehemu kubwa zaidi ya heliumu 3, iliyobaki tangu dunia ilipofanyika. Gesi inayotoka katika mawe ya bara inaleta heliumu 4 karibu peke yake. Hivi, kwa kuwatenga ndugu hao wawili, mjuzi anatambua kama chemchemi inapumua kutoka kwa volkano ao kutoka kwa jiwe la kale.

VII. AINA YA 7

Sasa turudilie neno tuliloweka akiba. Heliumu iliyotulia haidhuru. Mshale wa alfa unadhuru. Lakini hapa tena sherti tupambanue. Mshale wa alfa unasimamishwa na karatasi, na hata ngozi ya inje ya mkono wetu. Kwa hiyo kubeba jiwe mkononi si kitu cha kuogopesha watu. Mambo yanageuka pale mavumbi ya jiwe, ao gesi ya radoni inayozaliwa na uraniumu, yanapoingia kifuani. Kule ndani hapana ngozi ngumu; mshale unaanguka moja kwa moja juu ya nyama laini ya pafu. Wachimbaji wa Schneeberg na Joachimsthal katika Ulaya ya kati walikufa kwa ugonjwa wa kifua kwa miaka mamia. Mwaka 1879 waganga wawili, Härting na Hesse, walitangaza kwamba ugonjwa wa wale wa Schneeberg ulikuwa uvimbe mbaya wa mapafu, na baadaye radoni ilitambuliwa kuwa sababu kubwa.

Tusizidishe. Uraniumu ya koltani ni kidogo kuliko ya mawe yale ya Ulaya. Anayeshuka shimoni katika Masisi anauawa upesi zaidi na udongo unaoporomoka, na mavumbi ya mawe meupe yanaharibu mapafu hata bila mionzi yoyote. Lakini kidogo si bure. Mwaka 2007 jarida moja la elimu ya kujikinga na mionzi lilichapisha vipimo vilivyohusu wachimbaji wa koltani wa mashariki ya Kongo, ili kujua ni mionzi kiasi gani inayowapata katika kazi yao.

Na tazama jambo hili. Katika sheria za kusafirisha mizigo ya hatari, zinazofuatwa na mataifa, mizigo inapangwa katika aina 9. Aina ya 7 ni ya vitu vyenyi mionzi. Mchanga wa tantali, uraniumu na toriumu yake ikipita kipimo cha bekereli 10 kwa gramu moja, unaandikwa katika aina ya 7: unapewa alama, karatasi zake, na watu waliofundishwa kuushika. Ni haki kabisa. Lakini mchanga uleule, mbele ya kufika kwenye forodha, umetwangwa na kijana asiye na kitambaa puani, umechungwa na mama mwenyi mtoto mgongoni, umelala katika gunia chini ya kitanda ili usiibwe. Huko haukuwa na aina. Uliitwa “mzigo” tu, na mwenye kuubeba akaitwa mwenye bahati. Yule mnyama wa mlangoni ametajwa jina lake pale bandarini. Katika nyumba yenyewe hapana aliyeuliza.

Kongo haikukosa watu wa kuuliza. Mwaka 1959, katika Chuo Kikuu cha Lovanium, kule Kinshasa, Monsinyori Luc Gillon, padri na mjuzi wa fizika ya viini, aliwasha tanuru ya kwanza ya atomu katika Afrika yote. Ya pili ilifuata mwaka 1972. Zote mbili zimezimwa. Lakini elimu ya kupima mionzi ilifika katika inchi yetu mapema kuliko kwa majirani wengi. Kilichokosekana ni njia kati ya chombo cha Kinshasa na shimo la Rubaya ao la Walikale.

Njia hiyo, kwa sehemu, inaweza kupita katika parokia. Padri wa parokia ya wachimbaji hana chombo cha kupima, lakini ana mdomo na watu wanamsikia. Anaweza kufundisha mambo machache yasiyo na gharama: jiwe litwangwe likiwa na maji, mavumbi yasiruke, mwenye kutwanga na kuchunga afunge kitambaa puani na mdomoni, hata kama kitambaa si kinga kamili, gunia lisilale katika chumba cha watoto, shimo refu lisilo na hewa lisiingiwe asubuhi mbele ya kulipuliza, watoto wasitumwe kutwanga. Anaweza vilevile kuwaambia wenyi kununua kwamba kile ambacho sheria inakiita hatari mbele ya mtu wa bandari, ni hatari mbele ya mtu wa kilima.

Mwanzo wa Biblia tunaona Mungu anamletea Adamu wanyama ili aone atawaitaje. Kazi hiyo ya kutaja haikuisha bustanini. Janssen na Lockyer, Secchi na Ramsay, Rutherford na Bose, kila mmoja alitaja sehemu yake, na aliyefuata akasahihisha. Heliumu 4 imeitwa metali, kisha gesi pweke, kisha mshale wa alfa, kisha ndugu mkubwa wa heliumu 3, kisha bosoni. Jina la kwanza limekataliwa, manne yaliyobaki ni ya kweli, na kila moja ni kwa swali lake. Kwa mganga wa hospitali neno la lazima ni gesi baridi. Kwa mjuzi wa volkano ni izotopu. Kwa kijana anayetwanga jiwe jeusi pale Masisi ni mshale. Tunaosoma katika seminari tunapaswa kujua yote, na kumpelekea kila mtu lile linalomlinda.